Nyumba Inayovuja Joto

Nyumba ikivuja maji, mwenyewe hujua siku hiyo hiyo. Tone huanguka, sakafu hulowa, na fundi huitwa apande juu ya paa. Lakini nyumba ikivuja joto hakuna anayeona kitu. Ukuta hubaki mkavu na dari haina doa. Wakaaji huhisi tu kwamba miguu yao ni baridi, ijapokuwa tanuri la kupashia nyumba moto limewaka mchana kutwa. Dalili inayosomeka huja mwisho wa mwezi, katika ankara ya gesi au ya umeme.

Katika nchi zenye miezi mingi ya baridi kali, uvujaji huo si jambo dogo. Kaya yenye mapato madogo aghalabu huishi katika nyumba kuukuu, yenye madirisha yaliyolegea na dari isiyo na kitu cha kuzuia joto. Wizara ya Nishati ya Marekani imepata kukadiria kwamba kaya za kipato cha chini hutumia kwa nishati ya nyumbani sehemu ya mapato yao ambayo ni karibu mara tatu ya ile inayotumiwa na kaya nyingine. Mwezi wa Januari kaya ya namna hiyo inaweza kujikuta ikichagua kati ya kulipia gesi, kununua dawa na kununua chakula. Na kwa kuwa haina akiba, haiwezi kufanya matengenezo ambayo yangeipunguzia gharama hizo. Hulipia uvujaji mwaka baada ya mwaka.

Makala haya yanaeleza jinsi Marekani ilivyolikabili tatizo hilo kwa mpango wa serikali wa kuzihami nyumba za watu wa kipato cha chini dhidi ya hali ya hewa, ulioanzishwa mwaka 1976. Nia yetu si kuusifu mpango wala kuulaumu. Tunataka kuonyesha kwamba kanuni za joto zinazofundishwa katika shule za sekondari zinatosha kuueleza, na kwamba historia yake ina fundisho kubwa juu ya tofauti kati ya kukisia na kupima.

Joto hutokaje ndani ya nyumba?

Joto husafiri kutoka mahali penye halijoto ya juu kwenda mahali penye halijoto ya chini, na husafiri kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mpitisho: chembe za kitu husukumana na kupokezana joto bila zenyewe kuhama, kama katika kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya sufuria ya uji. Njia ya pili ni msafara: hewa au maji yaliyopata moto huondoka mahali pake na kwenda na joto lake. Njia ya tatu ni mnururisho: joto hupita kama nuru, bila kuhitaji kitu cha kulibeba, kama lile la jua linalotufikia hapa duniani.

Katika nyumba ya nchi ya baridi njia zote tatu hufanya kazi kwa pamoja. Joto hupita katika kuta, vioo na dari kwa mpitisho. Hewa yenye moto hutoroka kupitia nyufa na matundu. Na mwili wa mtu aliyekaa karibu na kioo baridi hutoa joto kwa mnururisho kukielekea kile kioo, ndiyo maana huona baridi hata kama hewa ya chumbani ina moto wa kutosha.

Vitu havifanani katika kupitisha joto. Chuma hupitisha vizuri sana, tofali hupitisha kwa kiasi, mbao hupitisha kidogo, na hewa iliyotulia hupitisha kidogo zaidi. Hapo ndipo ilipo siri ya vihami vyote vya joto. Sufi, manyoya ya kondoo, nyuzi za kioo na karatasi zilizosagwa haziwi vihami vizuri kwa ajili ya nyuzi zenyewe tu. Kazi kubwa hufanywa na hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi hizo, isiyoweza kuhama na hivyo kushindwa kuchukua joto kwa njia ya msafara.

Hesabu ya dari moja

Hebu tuchukue nyumba ndogo yenye dari ya mita za mraba 80. Ndani halijoto ni nyuzi 20 za Sentigredi; nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 30. Kiasi cha joto kinachopotea kwa kila sekunde hupatikana kwa kuzidisha eneo kwa tofauti ya halijoto, kisha kugawanya kwa ukinzani wa joto wa dari hiyo.

Tuseme dari ni ya bao jembamba la jasi lisilo na kihami, na kwamba ukinzani wake, pamoja na ule wa tabaka za hewa zilizogusana nalo, ni 0.5 kwa vizio vya kimataifa. Basi 80 × 30 ÷ 0.5 ni wati 4,800. Ni kama kuwasha karibu pasi tano za umeme usiku na mchana kwa ajili ya kupasha moto nafasi iliyo kati ya dari na paa. Kwa siku moja hizo ni zaidi ya uniti 115 za nishati.

Sasa tumwage juu ya dari hiyo karatasi za magazeti zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, kwa unene wa sentimita 30. Upitishaji joto wa kitu hiki ni karibu 0.04, kwa hiyo ukinzani wake ni 0.30 ÷ 0.04, yaani 7.5. Tukijumlisha na 0.5 ya awali tunapata 8. Upotevu mpya ni 80 × 30 ÷ 8, yaani wati 300.

Mwanafunzi aangalie jambo moja zaidi. Kama tungeweka sentimita 15 tu, upotevu ungeshuka kutoka wati 4,800 hadi karibu 565. Sentimita 15 za pili zinaondoa wati 265 hivi tu. Tukiongeza nyingine 30 juu ya hizo, tunaokoa karibu wati 145 peke yake. Tabaka la kwanza ndilo lenye faida kubwa, na kila linalofuata hufaidi kidogo kuliko lililotangulia. Mpango wenye fedha za kiasi, unaotaka kuzifikia nyumba nyingi, hauna budi kuikumbuka hesabu hii.

Hewa ipandayo

Upotevu wa pili ni wa hewa yenyewe. Hewa yenye moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, kwa hiyo hupanda. Katika nyumba iliyofungwa, hewa hiyo hutafuta matundu ya juu: pembeni mwa bomba la moshi, mahali nyaya za umeme na mabomba ya maji yanapotoboa dari, na kwenye kifuniko cha tundu la kupandia darini. Kila kiasi kinachotoka juu hufidiwa na kiasi kile kile cha hewa baridi inayovutwa ndani kupitia nyufa za chini. Nyumba nzima huwa kama bomba la moshi. Ndiyo sababu miguu ya wakaaji huwa baridi.

Nyumba yetu ya mita za mraba 80, ikiwa na kimo cha mita 2.5 kutoka sakafuni hadi darini, ina mita za ujazo 200 za hewa. Hewa hiyo ina uzani wa kilo 240 hivi. Ikiwa hubadilika yote mara moja kwa saa, tanuri lina kazi ya kupandisha kilo 240 za hewa kwa nyuzi 30 kila saa. Kilo moja ya hewa huhitaji karibu jouli 1,000 kwa kila nyuzi, kwa hiyo kwa saa moja zinahitajika jouli milioni 7.2. Hizo ni sawa na wati 2,000. Nyufa zikizibwa hata hewa ikawa inabadilika mara 0.4 kwa saa, upotevu huo utashuka hadi wati 800.

Watu wengi hudhani kwamba joto hutoroka hasa madirishani, kwa kuwa hapo ndipo baridi inapohisika kwa mkono. Vipimo vimeonyesha kwamba matundu yaliyofichika juu, yasiyoonekana na mtu aliyesimama chumbani, mara nyingi yana madhara makubwa zaidi.

Kutoka karatasi za plastiki hadi vipimo

Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazotoa mafuta ziliizuia Marekani na baadhi ya nchi nyingine zisipate mafuta yao. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Pigo hilo lilizipata nchi nyingi, nazo nchi changa za Afrika zikiwamo. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako nyumba nyingi hupashwa moto kwa mafuta, maskini ndio walioumia kwanza. Agosti 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha mpango wa kuzihami nyumba za watu wa kipato cha chini. Baadaye mpango huo uliwekwa chini ya Wizara ya Nishati, iliyoundwa mwaka 1977. Fedha hutoka serikali kuu kwenda majimboni, na kutoka majimboni kwenda kwa vyama vya huduma vya mahali. Mwenye nyumba halipi kitu. Wanaofikiriwa kwanza ni wazee, walemavu na kaya zenye watoto.

Kazi za miaka ya mwanzo zilikuwa za dharura. Wafanyakazi, wengi wao wakiwa wa kujitolea au vibarua, walipigilia karatasi za plastiki madirishani na kujaza nyufa za milango. Kazi hizo zilipunguza upepo chumbani, lakini plastiki ilichanika baada ya msimu mmoja, na hakuna aliyepima ni joto kiasi gani lililookolewa.

Wakati huo huo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na Robert Socolow, walikuwa wakichunguza nyumba za mtaa wa Twin Rivers katika jimbo la New Jersey. Nyumba za mtaa huo zilijengwa kwa ramani zinazofanana, na zilikuwa na vihami darini. Hata hivyo halijoto ya nafasi iliyo juu ya dari ilikuwa kubwa kuliko ile iliyotabiriwa na hesabu. Walipotafuta sababu walikuta mianya iliyofichika kandokando ya kuta na mabomba, iliyokuwa ikipeleka hewa ya moto moja kwa moja juu na kukipita kihami pembeni. Hesabu za mpitisho zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kusahau msafara. Katika nyumba moja walimoziba mianya na kuongeza vihami kwa uangalifu mkubwa, nishati ya kupasha moto ilipungua kwa theluthi mbili.

Daktari wa nyumba

Tangu hapo mpango ulianza kufuata mwendo wa daktari: kuchunguza, kupima, kutibu, kisha kupima tena. Chombo kikuu ni feni yenye nguvu inayofungwa katika turubai lililoziba mlango wa mbele. Chombo cha namna hii kilianza kutumika Sweden, kikiwekwa dirishani, na watafiti wa Princeton wakawa miongoni mwa wa kwanza kukitumia Marekani.

Feni hiyo hutoa hewa nje mpaka kanieneo ya ndani iwe chini ya ile ya nje kwa paskali 50. Hiyo ni tofauti ndogo, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 5 hivi. Kiasi cha hewa kinachopita katika feni ni sawa na kiasi kinachoingia kwa nyufa zote kwa pamoja. Ikiwa nyumba yetu ya mita za ujazo 200 inahitaji feni itoe mita za ujazo 4,000 kwa saa, maana yake hewa hubadilika mara 20 kwa saa katika kanieneo hiyo. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: gawanya kwa 20 upate mabadiliko ya siku za kawaida, yaani mara moja kwa saa. Baada ya kuziba, feni ikisoma 1,600, hesabu hutoa mara 0.4. Kisichoonekana kwa macho sasa kina tarakimu.

Feni ikiwa bado inazunguka, fundi hupita vyumbani na kijiti chenye moshi mwembamba kama wa udi. Penye tundu, moshi hupeperuka. Mafundi wengine hutumia kamera inayotambua mnururisho wa joto, ambayo huonyesha sehemu baridi za ukuta kwa rangi tofauti. Kisha kazi hupangwa kwa faida: kila hatua hulinganishwa gharama yake na nishati inayotazamiwa kuokolewa katika maisha yake yote, na isiyorudisha gharama yake huachwa, isipokuwa ikihitajika kwa usalama wa wakaaji.

Kwa njia hiyo nyumba zaidi ya milioni 7 zimehudumiwa tangu mwaka 1976. Mwaka 2009 Bunge liliongeza dola bilioni 5, na mwaka 2021 dola bilioni 3.5. Hata hivyo wako wanaorudishwa. Nyumba yenye paa linalovuja maji au kuta zenye ukungu haiwezi kuwekewa vihami kabla ya kutengenezwa, na mpango wenyewe haukuwa na fedha za kujenga mapaa. Hivyo aliye na nyumba mbovu kuliko wengine ndiye aliyekuwa akiambiwa asubiri. Ni katika mwaka 2022 tu ulipoanzishwa mfuko mdogo wa kutengeneza nyumba za namna hiyo ziwe tayari.

Hatari ya kuziba bila kufikiri

Msomaji anaweza kudhani kwamba nyumba iliyozibwa kabisa ndiyo bora. Sivyo. Binadamu huhitaji hewa safi, na moto huhitaji zaidi. Penye hewa haba mafuta, gesi na mkaa huungua kwa upungufu, na kutoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Anayeivuta husinzia, na anaweza asiamke. Kwa sababu hiyo mafundi hupima gesi hiyo kwenye tanuri na jiko kabla ya kazi na baada ya kazi, na pale nyumba inapokuwa imezibika sana huweka feni ndogo ya kuingiza au kutoa hewa kwa kipimo.

Februari 2021 dhoruba ya baridi iliingia Texas, jimbo lililozoea joto. Umeme ulikatika katika nyumba na majengo zaidi ya milioni 4. Wengi walikuwa katika nyumba zisizohifadhi joto, ambazo zilipoa kwa muda wa saa chache. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, vingi vikiwa vya baridi yenyewe. Lakini wako pia waliokufa kwa kaboni monoksidi, baada ya kutafuta joto kwa majiko ya mkaa, jenereta na magari yaliyowashwa katika mahali palipofungwa.

Tahadhari hiyo inatuhusu na sisi. Katika nyanda zetu za juu, kama Njombe, Makete na Limuru, watu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha. Mkaa mwekundu usiotoa moshi huonekana salama, kumbe ndio unaotoa gesi hiyo. Mwalimu akifundisha somo la kuungua kwa kaboni, alitaje jambo hili. Linaweza kuokoa maisha ya mwanafunzi.

Swichi si bomba

Nyumba nzuri haitoshi ikiwa wakaaji hawajui jinsi inavyofanya kazi. Huko Twin Rivers, nyumba mbili zilizofanana kabisa ziliweza kutofautiana katika matumizi ya nishati hata moja ikatumia mara mbili ya nyingine. Na wakaaji wapya walipohamia, matumizi ya nyumba yalibadilika. Basi sehemu kubwa ya tofauti haikuwa katika matofali, ilikuwa katika desturi za watu.

Kosa moja linajulikana sana. Kifaa kinachoongoza tanuri, yaani themostati, ni swichi tu. Halijoto ikishuka chini ya ile iliyowekwa, huwasha tanuri, ikifika, huzima. Lakini katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1986, Willett Kempton alieleza kwamba Wamarekani wengi hukifikiria kama bomba la maji: ukifungua zaidi, joto litakuja kwa kasi zaidi. Anayerudi katika nyumba baridi hukiweka nyuzi 30 akitaka kufika 20 haraka. Tanuri la kawaida huwaka kwa nguvu ile ile, hufika 20 kwa muda ule ule, kisha huendelea hadi 30 kama mtu amesahau.

Wengine huamini kwamba kupunguza halijoto usiku hakuna faida, kwa sababu asubuhi tanuri litafanya kazi maradufu kurudisha joto lililopotea. Hesabu yetu ya dari inaonyesha kosa lao. Upotevu hutegemea tofauti ya halijoto. Saa zote ambazo nyumba imepoa, tofauti ni ndogo, na joto lililotoroka ni dogo. Kinachorudishwa asubuhi ni pungufu ya kile ambacho kingepotea usiku kucha. Wizara ya Nishati hukadiria kwamba kupunguza nyuzi 4 hadi 5 za Sentigredi kwa saa 8 kila siku huweza kuokoa hata 10 kwa mia ya gharama ya mwaka.

Elimu ya namna hii hutolewa nyumbani, fundi akiwa na mkaaji mbele ya kifaa chenyewe. Inahitajika zaidi kwa wageni. Miongoni mwao wamo Wakongo wasemao Kiswahili waliopokewa Marekani kama wakimbizi, baadhi yao wakitoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Mtu aliyeishi miaka mingi mahali pasipohitaji tanuri hana sababu ya kujua themostati ni kitu gani, na ankara yake ya kwanza ya majira ya baridi huwa mwalimu mkali.

Je, vipimo vinasema nini?

Wanauchumi watatu, Meredith Fowlie, Michael Greenstone na Catherine Wolfram, waliuchunguza mpango huu katika jimbo la Michigan kwa kutumia zaidi ya kaya 30,000, na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Waligawa kaya kwa bahati nasibu: baadhi zilitembelewa, kuelezwa na kusaidiwa kujaza fomu, nyingine ziliachwa kama zilivyo. Katika zilizoachwa, zilizojiunga hazikufika 1 kwa mia. Katika zilizosaidiwa, zilikuwa karibu 6 kwa mia tu. Jambo linalotolewa bure halikupokelewa na wengi: fomu ni nyingi, ukaguzi huchukua muda, na watu huwa na mashaka na mgeni anayetaka kuingia nyumbani mwao bila malipo.

Katika nyumba zilizofanyiwa kazi, matumizi ya nishati yalipungua kwa 10 hadi 20 kwa mia. Huo ni msaada wa kweli kwa mwenye ankara. Lakini hesabu za awali zilikuwa zimeahidi zaidi ya mara tatu ya akiba iliyopatikana, na gharama ya kazi ilikuwa karibu mara mbili ya thamani ya nishati iliyookolewa. Wapo waliojibu kwamba ankara peke yake haihesabu afya, usalama wala usingizi wa mtoto katika chumba kisicho na baridi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haifuti pengo kati ya ahadi na kipimo.

Kwa nini pengo hilo? Wepesi wa lawama ungewaangukia wakaaji: kwamba walipopata nyumba nzuri waliongeza moto. Utafiti wa baadaye katika jimbo la Illinois ulionyesha vingine. Sehemu kubwa ya pengo ilitokana na hesabu za awali zilizokuza faida, na na tofauti ya ufundi kati ya kazi na kazi. Tabia za wakaaji zilikuwa na sehemu ndogo tu. Bila vipimo, maskini angelaumiwa kwa kosa lililokuwa katika daftari la mhandisi.

Jaribio kwa shule

Kanuni hizi zinaweza kuchunguzwa katika darasa lolote. Chukueni makopo matatu yanayolingana, yenye vifuniko, na kipimajoto kimoja au zaidi. Kopo la kwanza liacheni tupu nje, likiwa na kifuniko. La pili lizungushieni sufi au nyasi kavu kwa unene wa sentimita 5, nalo liwe na kifuniko. La tatu lizungushieni vivyo hivyo, lakini bila kifuniko. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike ubashiri wake: ni lipi litapoa upesi, na baada ya nusu saa kila moja litakuwa na nyuzi ngapi? Kisha mwalimu amimine kwa uangalifu maji ya moto kwa kiasi kilicho sawa, na halijoto isomwe kila baada ya dakika 10 na kuchorwa katika grafu.

Kopo la tatu lilinganisheni na nyumba za Twin Rivers. Likipoa upesi, joto lilipita wapi? Na kati ya kifuniko na sufi, ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi? Kisha linganisheni ubashiri wenu na vipimo, na mjadili sababu za tofauti.

Kanuni hiyo hiyo ina matumizi jikoni kwetu. Sufuria ya maharagwe iliyochemka vizuri, ikifunikwa na kuwekwa katika kikapu kilichojazwa sufi au vitambaa kila upande, huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe kwa saa kadhaa bila moto. Pimeni mkaa unaotumika kwa njia ya kawaida, na mkaa unaotumika kwa kikapu. Andikeni tarakimu zote mbili, na mziamini hizo kuliko maneno ya makala haya.